Kelele Katika Redio

Kila mwenye masikio amepata kuudhiwa na kelele, lakini si kila aliyeudhiwa huuliza zilikotoka. Aghalabu sisi hutafuta mtu wa kulaumiwa, na tukimpata hudhani kuwa tumekwisha kukijua chanzo. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Nakusimulia habari hii, msomaji, si kwa kuwa inanipa sifa, maana sifa yake ni ndogo na aibu yake ni kubwa, bali kwa kuwa ndani yake mna elimu ya namna mbili: elimu ya mawimbi ya redio na elimu ya ujirani. Ya kwanza utaikuta katika kitabu chako cha fizikia. Ya pili haina mtihani wa mwisho wa mwaka, lakini mtu hutahiniwa nayo kila siku.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu katika mji mdogo wa pwani, kaskazini ya Mombasa. Nilikaa na mama yangu mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kupoteza nuru. Redio ndiyo iliyokuwa dirisha lake. Ilikuwa redio ndogo ya betri, nayo ilikaa juu ya kigoda kando ya kitanda chake. Kila jioni alisikiliza taarifa ya habari, kisha matangazo ya vifo na mazishi. Siku zile simu ya mkononi ilikuwa haijafika kwa watu wa kawaida, na simu ya waya ilikuwa katika nyumba chache. Kwa hiyo jamaa waliotawanyika bara na pwani waliitana kwa redio. Mtu akifiwa Taita alitangaza, na ndugu yake aliyekuwa Lamu akasikia, akafunga safari.

Baadaye redio ile iliingiwa na maradhi. Kila giza lilipoingia ulisikika mvumo mzito, kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya mzinga, ukameza maneno ya msomaji wa habari. Pengine ulisikika pia mkwaruzo wa kukatika-katika, kama bisi zinazopasuka chunguni. Mimi niliziita zote kelele, wala sikujali kuzitenga. Nilibadilisha betri, nikaipiga redio ile kofi mbili tatu, kama watu wengi wafanyavyo kwa vyombo wasivyovielewa, kisha nikarudi chumbani kwangu kusahihisha madaftari.

Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti mama aliniita. "Njoo utege sikio, mwanangu, wametaja kwetu." Nilikwenda mbio. Tulisikia jina la kijiji chake, tukasikia neno mazishi, kisha mvumo ukafunika yaliyobaki. Niliigeuza redio huku na huku mpaka matangazo yakaisha. Baada ya siku tisa tulipata barua kwa mkono wa utingo wa basi. Mjomba wangu, ndugu pekee wa mama aliyekuwa amesalia, alikuwa amefariki na kuzikwa. Mama hakulia mbele yangu. Aliuliza neno moja tu: "Walitangaza?" Nikamjibu kwamba walitangaza.

Hapo ndipo nilipotafuta wa kumlaumu, wala sikwenda mbali. Jirani yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba yake, na mchana kutwa cheche za buluu ziliruka mlangoni. Nilikuwa nimesoma kwamba cheche ni mama wa mawimbi ya redio, na hilo ni kweli. Baina ya mwaka 1886 na 1888 mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alithibitisha kwamba cheche ya umeme inayoruka baina ya ncha mbili hutoa mawimbi yasiyoonekana, ambayo huweza kupokewa mahali pengine bila ya waya. Mitambo ya kwanza ya kupeleka habari kwa redio ilikuwa mitambo ya cheche. Meli ya Titanic ilipokuwa inazama mwaka 1912, wito wake wa msaada ulirushwa kwa mtambo wa namna hiyo. Basi kila mahali umeme unaporuka pengo dogo, hata pengo lisilopita unene wa ukucha, pana mtambo mdogo wa redio unaosema na ulimwengu bila ya ruhusa ya mtu. Nilijua hayo, na kwa ujuzi huo mchache nilitoa hukumu kubwa.

Nilikwenda kwa jirani yangu jioni, mbele ya watoto wake na vijana aliokuwa akiwafundisha kazi, nikamwambia kuwa amemnyang'anya mama yangu mazishi ya ndugu yake. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi hufunga kazi saa kumi na mbili." Jibu lile lilikuwa na hoja yote niliyoihitaji, maana mvumo ulianza saa moja. Lakini mtu mwenye hasira husikia sauti tu. Maana ya maneno humpita. Nilinena mengine mabaya zaidi. Jirani akaingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo tulipishana njiani kama watu wasiojuana, na mkewe, aliyekuwa na ada ya kuja kuzungumza na mama siku za Jumapili, hakuja tena. Mama alikuwa amepoteza ndugu, na mimi nikamwongezea kupoteza shoga.

Mambo yalikaa hivyo hata mwezi wa Januari mwaka 1997. Ndipo alipotutembelea mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, aliyepata kuwa fundi wa mitambo ya redio melini. Nilimweleza kisa chote, nikitumaini kwamba atanipa haki. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Umeandika?"

"Kuandika nini, Mzee?"

"Saa. Kelele zilianza saa ngapi, zikaisha saa ngapi, mvua ilinyesha au upepo ulivuma, na nyumbani kulikuwa na nini kinachofanya kazi. Wewe ni mwalimu. Hukumu bila ya daftari umejifunza wapi?"

Nilinunua daftari. Kwa siku saba niliandika kila jambo, na daftari lile lilinifundisha katika juma moja yale ambayo hasira haikunifundisha katika miezi mitano. Kwanza, kelele hazikuwa moja bali mbili. Mvumo ulianza kila siku karibu na saa moja ya jioni, ukaisha ghafula kati ya saa tatu na saa nne. Mkwaruzo haukuwa na saa. Ulikuja siku za upepo mkavu wa kaskazi, mchana au usiku, na siku moja iliponyesha mvua ulinyamaza kabisa. Pili, mashine ya jirani kweli ilikwaruza redio, lakini mchana tu, nayo ilikoma kama alivyosema, saa kumi na mbili.

Juma lilipokwisha, mzee alirudi. Aliitega redio mahali pasipo na stesheni, mvumo ukasikika peke yake bila ya kuchanganyika na maneno. Kisha akaniambia nizime swichi kuu ya nyumba yangu. "Mwindaji," alisema, "hutazama kwanza chini ya kitanda chake." Nilizima. Nyumba ikawa giza. Redio, kwa kuwa ilikuwa ya betri, iliendelea kusema, lakini mvumo ulikuwa umekufa. Niliwasha tena swichi kuu, tukawasha vyombo kimoja kimoja. Taa ya sebuleni: kimya. Pasi: kimya. Kisha nikaingia chumbani mwangu nikawasha taa ya mrija iliyokuwa juu ya meza yangu, na papo hapo nyuki wakarudi mzingani.

Msomaji, nilisimama chini ya taa ile nisijue la kusema. Niliinunua mwenyewe ili nisome vizuri usiku. Ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mama, hatua tatu kutoka redio yake. Umeme ndani ya mrija wa namna ile huwaka na kuzimika mara nyingi katika kila sekunde, na taa ikiwa mbovu, au ikikosa kifaa cha kuchuja, hutoa mawimbi yanayopita hewani na katika nyaya za nyumba. Kila jioni nilipoketi kusahihisha madaftari nilikuwa nikiiziba redio ya mama yangu kwa mkono wangu. Usiku ule wa tangazo niliondoka mezani mbio kwenda kumsaidia, nikaiacha taa inawaka nyuma yangu.

Nilimweleza mama. Alikaa kimya, akipapasa ukingo wa shuka. Kisha akasema, "Basi ilikuwa taa ya vitabu," wala hakuongeza neno. Laiti angenikemea ningepata nafuu. Usiku huo nilisahihisha madaftari kwa kandili.

Sasa ulibaki mkwaruzo. Mzee alinifundisha namna ya kuufuata, nami nakufundisha wewe. Ndani ya redio ndogo ya masafa ya kati mna kijiti cheusi cha feraiti, kilichozungushiwa waya mwembamba. Hicho ndicho sikio lake. Kijiti kikiwa kimelala ubavu kuelekea chanzo cha mawimbi, sauti huwa kubwa. Ncha yake ikielekea chanzo, sauti hufifia. Mtu asiyejua hutafuta mahali sauti inapokuwa kubwa, lakini ukubwa huo ni mpana, nao humdanganya. Ajuaye hutafuta mahali sauti inapofifia, maana ufifiaji ni mwembamba kama ncha ya sindano. Igeuze redio polepole mpaka kelele zikaribie kuzimika, kisha tazama kijiti kimeelekea wapi. Chanzo kiko juu ya mstari huo. Lakini kiko mbele au nyuma? Kijiti hakisemi. Basi piga mstari huo katika karatasi yenye ramani ya mtaa, uende mahali pengine ukapime tena. Mistari miwili inapokatana, hapo ndipo pa kwenda kutazama. Na mstari wa tatu ni shahidi wa kuthibitisha.

Kuna mtego mmoja. Kelele za umeme hupenda kusafiri juu ya nyaya, zikafika mbali na zilikozaliwa, hata ukadhani kila nguzo ni mkosaji. Dawa yake ni kupanda katika masafa mafupi kadiri unavyokaribia, kwa kuwa mawimbi ya masafa hayo hudhoofika upesi zaidi yanapofuata waya. Kelele zikisikika hata huko, jua kwamba umekaribia. Zikizidi nguvu, ufupishe mlingoti wa redio yako uendelee. Ukifika, simama. Usipande nguzo, usiitikise, usiguse waya wala sanduku la umeme. Kazi yako ni kuonyesha mahali. Kufungua ni kazi ya mafundi waliosomea. Watu wamekufa kwa kusahau mpaka huo.

Tulipima kutoka uwanja wa shule, tukapima kutoka barabarani, tukapima tena kutoka ufuoni. Mistari mitatu ilikatana penye pembe ya nyumba ya jirani yangu, mahali waya wa umeme ulipoingia chini ya paa lake la makuti.

Nakiri kwamba kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Nafsi ilininong'oneza kuwa tangu mwanzo nilikuwa na haki. Mzee alinisoma usoni. "Huyu hana habari ya kitu kile," alisema, "nacho kiko juu ya vichwa vya watoto wake." Furaha ikanitoka, hofu ikaingia. Kiungo cha waya kilicholegea, kinachotikiswa na upepo na kuliwa na chumvi ya bahari, huruka cheche. Na cheche chini ya makuti makavu wakati wa kaskazi haihitaji maelezo.

Nilibisha hodi kwa jirani yangu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Nilianza na taa yangu. Nilimweleza, mbele ya watoto wale wale na vijana wale wale, kwamba mwizi wa tangazo alikuwa mezani pangu, na kwamba nilimtukana bure. Kisha nikamwambia habari ya pembe ya nyumba yake. Hakunijibu upesi. Aliichukua redio, akaigeuza kama nilivyomwonyesha, akasikia mkwaruzo unafifia na kurudi. Siku hiyo hiyo alikwenda kuwaita mafundi wa umeme. Walipofungua kiungo kile walikuta shaba imeliwa imekuwa nyeusi, ngozi ya waya imeyeyuka, na ukuti mmoja juu yake umeungua ukingo, upana wa kiganja.

Jirani aliuchukua ukuti ule akautazama sana. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mara ya kwanza ulikuja na ulimi, nikafunga mlango. Ungalikuja na kiredio hiki ningalikufungulia siku ile ile." Jumapili iliyofuata mkewe alikuja kumwona mama.

Tangu hapo nimesoma habari nyingi za watu waliotafuta kelele, nami nimeona kuwa ustadi wao wote umejengwa juu ya subira. Kijana mmoja wa Marekani, Karl Jansky, aliagizwa na kampuni ya simu aliyoifanyia kazi atafute kelele zilizoweza kuharibu mazungumzo ya simu za redio kuvuka bahari ya Atlantiki. Alijenga mlingoti mkubwa unaozunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford katika jimbo la New Jersey. Alipata namna tatu za kelele: za radi za karibu, za radi za mbali, na mnong'ono hafifu usiokoma. Mwanzo alidhani mnong'ono ule ulitoka katika jua, na kama angaliridhika na dhana hiyo habari ingaliishia hapo. Lakini aliendelea kuandika saa. Baada ya miezi kadhaa aliona kuwa mnong'ono ulirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, wala si saa 24. Huo si mwendo wa jua bali ni mwendo wa nyota. Mwaka 1933 alitangaza kwamba kelele zile zilitoka nje kabisa ya jamaa ya jua, upande wa katikati ya kundi letu la nyota liitwalo Njia ya Maziwa. Elimu ya kuzichungua nyota kwa redio ilizaliwa hapo, kwa dakika nne zilizoandikwa katika daftari.

Nyingine ni habari za karibuni. Katika mji wa Corvallis huko Marekani, mwaka 2004, satelaiti ya uokozi ilisikia wito wa hatari katika masafa ya megahatsi 121.5. Waokoaji walifuata wito huo hata nyumbani kwa kijana mmoja, wakakuta unatoka katika televisheni yake. Katika kijiji cha Aberhosan huko Wales, intaneti ya kijiji kizima ilianguka kila asubuhi saa moja kwa muda wa miezi 18. Mwaka 2020 mafundi walitembea kijijini na chombo cha kupimia, wakakuta televisheni kuukuu ambayo mwenyewe aliiwasha kila siku saa hiyo. Mwenyewe alipoambiwa aliona haya sana, akaahidi kutoiwasha tena. Kijana yule wa Corvallis hakujua, mtu yule wa Aberhosan hakujua, na mimi sikujua. Kelele nyingi za ulimwengu hutolewa na watu wasiojua kuwa wanazitoa.

Leo taa za mrija zinapungua, lakini chaja za simu, taa za LED na mitambo ya umeme wa jua imejaa nyumbani mwetu, na kila kimoja kikitengenezwa kwa uhafifu huweza kuwa mtambo mdogo wa kelele. Hapa Kenya kazi ya kusimamia masafa ya redio ni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa kuwa katika masafa hayo hayo husema rubani na mnara wa uwanja wa ndege, nahodha na bandari, daktari na gari la wagonjwa. Mawimbi hayana ua wala kitasa. Anayeyachafua huwachafulia na wenziwe.

Mama yangu aliishi miaka sita baada ya hayo, na redio yake ilisema wazi mpaka mwisho. Daftari lile la siku saba ninalo hata sasa. Kila ninapotaka kumlaumu mtu hulitoa nikalitazama. Wewe nawe, msomaji, siku utakaposikia kelele katika redio, au katika nyumba, au katika darasa lenu, ukaona ulimi wako unawasha kulitaja jina la mtu, chukua kalamu kwanza uandike saa. Kisha nenda ukazime swichi ya nyumba yako, usikilize.